Makali na Nakshi: Historia Fupi ya Kisu Katika Nchi ya Kikopey

Shabaha ya makala haya ni kukitazama kisu kama kazi ya fundi, na kuuliza ni kwa nini sisi tunaoandika juu ya ustadi tumezoea kuisifu nakshi na kumsahau mhunzi. Tunaanzia Kikopey, katika njia kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, ambapo wasafiri husimama kula nyama ya kuchoma. Mwandishi alipita hapo akiwa na kisu cha kukunja alichokinunua Sheffield, Uingereza, alipokuwa masomoni. Kipini chake ni cha pembe, na bapa lake limechorwa majani yanayojipinda kuelekea kwenye ncha. Mzee mmoja mchoma nyama alikipokea, akakifungua na kukifunga mara mbili, akayajaribu makali kwa kidole gumba, kisha akauliza: "Mwalimu, hiki ni cha kutazamwa au ni cha kukatia?"

Swali hilo ni la haki. Kisu cha kukunja ni chombo cha kale. Warumi walikuwa nacho, na mafundi wa visu wa Sheffield walikuwa wamekwisha kuunda chama chao kisheria mwaka 1624. Ugumu wa kukitengeneza hauko katika mapambo. Uko katika kupatanisha vitu vitatu: bapa, bawaba na kamani. Kamani ikilegea, bapa hurudi na kumkata mwenyewe. Ikikaza mno, kisu hakifunguki. Fundi hupunguza chuma kidogo kidogo kwa tupa hadi viungo vishikane bila ya kuonyesha mwanya. Nakshi ya bapa aghalabu huchorwa kabla ya chuma kutiwa ugumu kwa moto, na mkono ukiteleza mara moja alama haifutiki. Kwa hiyo nakshi nzuri juu ya kisu kibovu ni kazi iliyopotea.

Ustadi wa namna hii si mgeni katika nchi ya Kikopey. Kilomita chache kutoka hapo ni Kariandusi, mahali ambapo Louis Leakey aligundua zana za mawe mwaka 1928. Huko kuna mashoka ya mkono yaliyochongwa kwa mawe ya volkano, yakiwamo ya obsidiani, yaani kioo cheusi kitokacho katika volkano. Umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka 700,000 na milioni moja. Atazamaye mashoka hayo huona kwamba pande zake mbili zimelinganishwa kwa uangalifu. Kwa maoni yetu, baadhi yake yamelinganishwa kuliko ilivyohitajiwa na kazi ya kukata. Ikiwa ndivyo, basi jicho la fundi lilianza kupenda umbo zuri zamani sana kabla ya chuma.

Karibu na wakati wetu zaidi, katika miaka elfu tatu iliyopita, waliishi wafugaji ambao utamaduni wao wataalamu wameupa jina la ziwa la Elmenteita. Hao walitengeneza wembe mrefu wa obsidiani waliyoipata katika mlima Eburru, na mawe ya mlima huo yameonekana hata katika makazi ya kale karibu na ziwa Viktoria, zaidi ya kilomita 200 kutoka huko. Makali ya obsidiani iliyobanduliwa vizuri hupita yale ya chuma cha pua. Yaani, kukata nyama kwa zana bora katika bonde hili ni desturi iliyoitangulia barabara, na hata chuma chenyewe.

Chuma kilipoingia, alizaliwa mhunzi, na hapo ndipo historia inapotia huzuni. Kwa Wamasai, sime ilifuliwa na watu wa ukoo wa wahunzi, Il-kunono. Walioandika mwanzoni mwa karne ya 20 wanaeleza kwamba Wamasai wengine hawakuoana nao, na kwamba aliyepokea silaha mkononi mwa mhunzi alijipaka mafuta kwanza ili kujikinga na unajisi. Kwa Wakikuyu, muturi aliheshimiwa, lakini pia laana yake iliogopwa mno. Shujaa aliimbwa pamoja na sime yake, aliyeifua hakuimbwa.

Lugha yetu nayo ina ushahidi wake. Yasemwa mara kwa mara kwamba pambo liliingia pwani kutoka ng'ambo, kwa sababu *nakshi* ni neno la Kiarabu, *sonara* latoka Bara Hindi, na majambia yenye fedha yalivaliwa na Waarabu wa Omani. Lakini *kisu*, *mpini*, *kuchonga* na *kuchora* ni maneno ya Kibantu. Mwenye kitenzi cha kuchora hakungoja mgeni amfundishe kuchora; alichokopa ni mtindo, pamoja na jina lake. Hata kwa kisu cha kukunja hatuna haja ya kuhangaika: *bawaba* tunayo mlangoni, na *kamani*, ambayo asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya upinde, tunayo katika saa.

Wahenga walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hiyo yamtaja mwenye kisu na nyama yake. Mfua kisu hamo.

Mzee wa Kikopey alikijaribu kisu kile juu ya ubavu wa mbuzi, nacho kikapita penye kiungo bila ya kukwama. Akakipangusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza tena: "Aliyekifua ni nani?" Mwandishi alilijua jina la duka, jina la fundi hakulijua. Ni aibu ile ile tunayoibeba katika kazi zetu za kamusi, tunapokusanya majina ya vyombo bila ya kwenda kuketi kiwandani na wavitengenezao. Hapana budi tuanzie huko, maadamu wahunzi wenye maneno hayo wangali hai.