Mtoto Aliyezaliwa Bila Uhai: Wazazi Waulizwe

Mada ya leo ni nzito. Wazazi waliofiwa na mtoto akiwa tumboni, au muda mfupi baada ya kuzaliwa, wahudumiwe vipi? Sisi wahudumu wa afya hufuata mwongozo ulioandikwa. Lakini je, mwongozo wenyewe ukiwa na kasoro? Tutazame Uingereza, ambako umegeuzwa zaidi ya mara moja.

Katika miaka ya 1960 huko Uingereza, mara nyingi mtoto aliyezaliwa amekufa aliondolewa upesi kabla mama hajamwona. Mara nyingi hospitali ndiyo iliyopanga maziko, na wazazi wengi hawakujua kaburi liko wapi. Mama aliambiwa asahau. Mwaka wa 1968, daktari Stanford Bourne wa London alichunguza jinsi madaktari walivyowashughulikia akina mama hao. Aligundua kwamba madaktari wenyewe walikwepa jambo hilo: hawakutaka kulijua wala kulikumbuka.

Mwaka wa 1976, daktari Emanuel Lewis aliandika katika jarida la Lancet kwamba kumficha mtoto kunaongeza uchungu. Afadhali wazazi wamwone, wampe jina na wamzike. Mwaka wa 1978 wazazi waliofiwa walianzisha chama ambacho leo kinaitwa Sands. Polepole ikawa desturi kuwahimiza akina mama wamwone mtoto na kumpakata.

Kisha mwaka wa 2002 utafiti mwingine ukatoka katika Lancet. Uliwafuata akina mama 65 waliokuwa wamepata mimba tena baada ya msiba. Waliompakata mtoto, 39 kwa kila 100 walikuwa na ugonjwa wa huzuni. Waliomwona tu walikuwa 21 kwa kila 100, na wasiomwona kabisa 6 kwa kila 100.

Kwa hiyo mwaka wa 2007, NICE, taasisi inayoandika miongozo ya matibabu huko Uingereza, ikasema akina mama wasihimizwe kama kawaida kumwona na kumpakata mtoto. Wazazi wa Sands walilalamika. Utafiti ulikuwa mdogo mno, na wauguzi wangeweza kudhani kwamba kumwona mtoto kumekatazwa. Mwaka wa 2014 NICE ikaandika upya: mhudumu mwenye uzoefu azungumze na mama, mwenzake na jamaa, awaeleze kwamba wanaweza kumwona mtoto, kumpakata, kutazama picha au kuweka kumbukumbu. Baadaye apangiwe siku ya kurudi kuonwa.

Msikilizaji, unaona funzo? Kwanza mama alinyimwa, kisha akahimizwa, kisha wahudumu wakaambiwa wasimhimize. Mwisho ndipo akaulizwa. Kipo hata kipimo cha kukagua miongozo, kiitwacho AGREE, chenye maswali 23. Kinauliza ushahidi una nguvu gani, na kama maoni ya wale wanaohudumiwa yalitafutwa.

Hapa kwetu, katika baadhi ya jamii, mtoto huyo huzikwa upesi mama akiwa bado wadini. Ndugu zangu, muulizeni kwanza. Akitaka kumwona, aonyeshwe. Asipotaka, asilazimishwe. Baba naye aulizwe, maana naye amefiwa.

Nawe mama, usishangae matiti yakijaa maziwa. Mwambie muuguzi akusaidie. Rudi kliniki ukaguliwe, hata kama huna mtoto wa kubeba. Ukiona huzuni haipungui, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, nenda kituo cha afya bila kuchelewa.

Jirani, usimwambie "utapata mwingine". Mwambie pole, uketi naye.

Hadi kipindi kijacho, tunzaneni. Kwaheri.