Kuimarisha chesisi ya lori: Mambo ya kujua kabla ya kuchomelea

Kuimarisha chesisi ni kuongeza chuma kwenye fremu ya lori ili istahimili zaidi nguvu zinazoipinda. Kwa kawaida kazi hii hufanywa kutibu ufa, kurefusha fremu, au kufunga kifaa kizito kama kreni au tangi. Wapo pia wenye malori wanaoifanya ili wabebe mzigo mkubwa zaidi. Makala haya yanaeleza kazi inavyofanyika, kwa nini nia hiyo ya mwisho haina faida, na mambo ya kukagua unaponunua lori lililotumika.

Fremu inavyofanya kazi

Chesisi ya lori ina umbo la ngazi: mihimili miwili mirefu yenye umbo la herufi C, iliyounganishwa kwa vyuma vya kukatiza. Mzigo ukikaa kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ukingo wa juu wa mhimili hubanwa na ukingo wa chini huvutwa. Katikati ya ubavu nguvu hiyo ni ndogo sana. Ndiyo maana matundu ya bolti hutobolewa ubavuni, si kwenye kingo.

Fremu pia hujinyonga kidogo gurudumu moja linapoingia shimoni. Hapa lori hutofautiana na gari dogo. Wapenzi wa magari ya zamani ya Marekani, kama Ford Mustang za miaka ya 1960 ambazo hazina fremu kamili, huunganisha vipande vya fremu vya mbele na vya nyuma kwa mihimili ya chuma ili bodi isijinyonge. Fremu ya lori imetengenezwa ijinyonge kwa kiasi. Ukiikaza sehemu moja kupita kiasi, nguvu huhamia pale ukakamavu unapoishia, na ufa mpya huanzia hapo.

Kazi inavyofanywa

Pleti ya kuongeza nguvu hufungwa ndani au nje ya ubavu wa mhimili. Fundi anayeijua kazi huzingatia haya:

- Ncha za pleti hukatwa mshazari. Ncha iliyokatwa wima hukusanya nguvu mahali pamoja.
- Ncha ya pleti ya ndani na ya nje haziishii mahali pamoja.
- Ufa hutobolewa tundu dogo kwenye ncha yake ili usiendelee, kisha husagwa na kujazwa kabla ya pleti kuwekwa.
- Betri, altaneta na kompyuta ya injini hukatwa umeme kabla ya kuchomelea, na waya wa ethi hufungwa karibu na sehemu ya kazi.

Fremu nyingine ni za chuma kilichotiwa makali kwa moto. Joto la kuchomelea hulegeza chuma hicho, hivyo pleti hufungwa kwa bolti tu. Kampuni kama Scania, Volvo na Mercedes-Benz hutoa mwongozo kwa watengeneza bodi unaoonyesha panapoweza kutobolewa au kuchomelewa. Mtake fundi wako aufuate.

Mizani haiangalii pleti

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 huweka ukomo kwa ekseli na kwa gari zima. Ekseli ya usukani ni tani 8, kundi la ekseli mbili zenye matairi pacha tani 18, kundi la tatu tani 24, na gari zima halizidi tani 56. Ukomo huo haupandi kwa sababu fremu imeongezwa chuma. Springi, breki, ekseli na matairi navyo hubaki na uwezo wake wa awali.

Zaidi ya hayo, pleti ina uzito wake. Pleti yenye urefu wa mita 3, upana wa milimita 250 na unene wa milimita 8 ina uzito wa kilo 47 hivi. Ukifunga pande zote mbili umeongeza kilo 94, na kwa gari linalopakia hadi ukomo, kilo hizo hutolewa kwenye shehena katika kila safari. Aliyeimarisha fremu ili abebe zaidi hulipa fundi, hupoteza kilo, na akizidisha hulipa faini.

Unaponunua lori lililotumika

Pitia chini ya gari ukiwa na tochi. Angalia mistari ya kutu nyekundu karibu na vishikio vya springi, nyuma ya kabini na penye tantebo. Mara nyingi hapo ndipo ufa hujionyesha. Rangi mpya kwenye kipande kimoja tu cha fremu ikwanguliwe. Ukikuta pleti, uliza iliwekwa kwa nini. Pleti ya kreni iliyokwisha kuondolewa ni jambo la kawaida. Pleti isiyo na maelezo, yenye ncha za wima na alama za kuchomelea kwenye kingo, mara nyingi huficha ufa. Punguza bei kwa gharama ya kubadilisha mhimili, au liache gari hilo.