Mgawanyo wa Kaunti ya Kisumu

Kaunti ya Kisumu ni mojawapo ya kaunti 47 za Kenya, na ni nambari 42 katika orodha iliyomo kwenye Katiba. Iko kando ya Ghuba ya Winam katika Ziwa Viktoria, na imegawanywa katika kaunti ndogo 7 na wadi 35. Sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 1,155,574. Ardhi yake hugawanywa kwa njia tatu: kwa ajili ya uchaguzi, utawala wa serikali kuu na uendeshaji wa jiji. Migawanyo hiyo hailingani kila mahali, na katika mtaa wa Manyatta ndiko jambo hilo linakoonekana wazi zaidi.

Historia

Reli ilifika ziwani, hapa Kisumu, 1901, na kituo chake kikaitwa Port Florence. Mwaka uliofuata Waingereza waliliondoa eneo hili Uganda na kulitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Baadaye Kisumu ikawa makao makuu ya Mkoa wa Nyanza, chini ya ngazi ambazo wazee bado huzitaja kwa mpangilio: mkoa, wilaya, tarafa, kata, kata ndogo.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliondoa mikoa, na serikali za kaunti zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Kaunti zilifuata wilaya zilizotambuliwa na sheria ya 1992. Ndiyo maana Nyando, iliyokuwa imemegwa na kufanywa wilaya 1998, ilirudi chini ya Kisumu.

Kaunti ndogo na wadi

Mipaka ya kaunti ndogo inafuata ile ya maeneobunge:

- Kisumu ya Kati: wadi 6
- Kisumu Mashariki: wadi 5
- Kisumu Magharibi: wadi 5
- Seme: wadi 4
- Nyando: wadi 5
- Muhoroni: wadi 5
- Nyakach: wadi 5

Kila wadi humchagua mwakilishi wadi anayeketi katika bunge la kaunti. Gavana naye ana wasimamizi wake katika kaunti ndogo na wadi. Sambamba nao wapo watumishi wa serikali kuu: kamishna wa kaunti, manaibu wake, machifu na manaibu wa chifu. Hawa ni mabaki ya utawala wa mikoa. Katiba iliagiza upangwe upya uendane na ugatuzi, haikuufuta.

Jiji

Kisumu ilipandishwa hadhi kuwa jiji 2001. Tofauti na Nairobi na Mombasa, ambako jiji ndilo kaunti, jiji la Kisumu ni sehemu tu ya kaunti yake: Kisumu ya Kati, Kisumu Mashariki na sehemu ya Kisumu Magharibi. Halina meya wala madiwani. Chini ya sheria ya miji ya 2011, linaendeshwa na bodi na meneja kwa niaba ya serikali ya kaunti, ingawa wachuuzi bado huwaita askari wake "kanjo", jina la enzi ya baraza la manispaa.

Manyatta

Manyatta ni sehemu ya ukanda wa makazi ya msongamano unaouzunguka mji, pamoja na Nyalenda, Obunga na Bandani. Upanuzi wa mipaka ya manispaa katika miaka ya 1970 uliingiza vijiji vya pembezoni mjini vikiwa na mashamba ya ukoo. Hivyo sehemu kubwa ya ardhi ya Manyatta ni mali ya watu binafsi.

Kiutawala mtaa huu ni kata ndogo mbili, Manyatta A na Manyatta B. Zamani zote zilikuwa katika eneobunge la Kisumu Mjini Mashariki. Eneobunge hilo lilipogawanywa katika mapitio ya 2012, Manyatta A iliwekwa katika wadi ya Kondele, Kisumu ya Kati, na Manyatta B ikawa wadi kamili ya Kisumu Mashariki.

Tofauti hiyo huonekana msimu wa karo. Wanafunzi wawili wa darasa moja, mmoja wa A na mwingine wa B, hupeleka fomu za basari ya mfuko wa maendeleo ya maeneobunge (CDF) katika ofisi za wabunge wawili tofauti. Wakiomba basari ya kaunti, kila mmoja hupitia wadi yake. Wakifika umri wa kuchukua kitambulisho, kila mmoja huhitaji kuthibitishwa na naibu wa chifu wa upande wake. Lakini takataka za nyumba zote mbili ni jukumu la jiji lilelile.

Mapitio ya mipaka

Katiba inaitaka Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ipitie mipaka ya maeneobunge kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12. Kikomo cha miaka 12 tangu mapitio ya 2012 kilipita 2024 bila mipaka kuguswa. Manyatta A na B zikabaki katika maeneobunge mawili.