Joto Litokalo na Joto Liingialo: Historia Fupi ya Istilahi Mbili

Istilahi zinazoigawa mimenyuko ya kikemia kuwa ya eksothemiki na ya endothemiki ziliundwa na Mfaransa Marcellin Berthelot (1827–1907) kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya ‘nje’, ‘ndani’ na ‘joto’. Upimaji wenyewe uliyatangulia majina. Mwaka 1783 Lavoisier na Laplace walieleza chombo chao cha barafu, ambamo wingi wa joto ulijulikana kwa uzito wa barafu iliyoyeyuka. Chombo ambacho, kwa namna kilivyoundwa, kilifaa kwa joto litokalo tu. Mnamo 1840 Hess, huko St. Petersburg, alionyesha kwamba jumla ya joto ni ile ile, mmenyuko upitie hatua moja au nyingi.

Berthelot hakutosheka na kutaja majina. Alidai kuwa badiliko lijiendealo lenyewe huelekea pale panapotolewa joto jingi zaidi, wazo linalokaribiana na lile alilolitoa Mdenmaki Thomsen mwaka 1854. Lakini nitrati ya amonia huyeyuka majini bila kushurutishwa, na maji yakapoa! Pierre Duhem alipoipinga kanuni hiyo katika tasnifu yake ya 1884, tasnifu ilikataliwa. Udaktari aliupata mwaka 1888, kwa tasnifu nyingine. Kanuni ilianguka, majina yakabaki.

Kiswahili kina vitenzi vilivyo wazi kuliko Kiyunani hicho cha kuazima: kutoa joto na kufyonza joto. Ubora wake ni kwamba kitenzi hudai mtenda, na aghalabu ni katika kumtafuta mtenda ndipo wanafunzi hupotea. Tuchukue chokaa ya pwani, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Mwenye kutazama moto atasema huo ni mmenyuko utoao joto. Sivyo. Kuni ndizo zitoazo. Matumbawe hufyonza, na yasipofikishwa karibu nyuzi 900 za Selsiasi hayaachi vizuri kaboni dioksidi yake. Joto la chokaa yenyewe hudhihirika baadaye, pasipo moto wowote, inapozimwa kwa maji baridi: hapo huweza hata kuyachemsha. Ajabu ni kwamba lugha ya waashi huliita tendo hilo ‘kuzima’.