Mageuzi ya sheria za uchaguzi, Asia Mashariki
Mabadiliko ya kanuni za kugeuza kura kuwa viti bungeni. Japani ilitangulia mwaka 1994: ilifuta majimbo yenye wabunge kadhaa, ambako wagombea wa chama kimoja walipigana vikumbo wenyewe kwa wenyewe, ikampa mpigakura kura mbili, ya mgombea na ya chama. Taiwan ilifuata mwaka 2005, ikipunguza wabunge kutoka 225 hadi 113. Inayosikitisha zaidi ni Korea Kusini. Sheria ya Desemba 2019 ilishusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18 na kutenga viti 30 kati ya 47 vya orodha za vyama kwa mfumo wa kufidia vyama vilivyopata viti vichache majimboni kuliko uzito wa kura zao, ili vyama vidogo navyo vipate sauti. Uchaguzi wa 2020 ulipofika, vyama viwili vikubwa viliunda vyama pandikizi vya kuwania viti vya orodha pekee, vilivyozoa 36 kati ya hivyo 47.