Squackett: kolabo ya wazee wawili waliosimama pembeni

Kipindi kilichopita tuliongea kuhusu kolabo, na karibu mifano yote ilikuwa ya wasanii wa rika letu: huyu kamwimbia yule kiitikio, video imetoka, wiki ya pili wameshagombana mtandaoni, basi. Swali lililobaki mezani muda ulipoisha lilikuwa hili: wazee wakifanya kolabo, wanatafuta nini? Majina wanayo tayari. Wengine hata pesa hawana shida nayo. Sasa wanaingia studio kufanya nini?

Nimeamua kujibu kwa albamu moja tu. Inaitwa A Life Within a Day, ilitoka Mei 2012, na walioitoa walijiita Squackett. Najua, jina linachekesha. Ni Squire na Hackett wamebanwa pamoja, kama majina ya bwana na bibi harusi kwenye hashtegi. Lakini nyuma ya jina hilo kuna historia ya zaidi ya miaka 40, na ndani yake kuna jambo linalotuhusu hata sisi ambao hatukukua na muziki huu nyumbani.

Kwanza, progu ni nini?

Roki progresivu, au progu kama mashabiki wake wanavyoiita, ilianza Uingereza mwishoni mwa miaka ya 60. Vijana waliokua wakisikiliza Beatles walichoka na wimbo wa dakika tatu. Wakajiuliza, kwa nini wimbo wa roki usiwe mrefu kama muziki wa okestra? Kwa nini kila siku tuhesabu moja mpaka nne, kwa nini tusihesabu mpaka saba, au tisa? Wakachukua vinanda vya kila aina, sauti za kwaya, gitaa la klasiki na hadithi za kale, wakavipika vyote chungu kimoja.

Bendi mbili kati ya zile kubwa zilikuwa Genesis, iliyoundwa na wanafunzi wa shule ya bweni ya Charterhouse mwaka 1967, na Yes, iliyoundwa London mwaka 1968. Angalia mwaka 1972 peke yake. Yes walitoa Close to the Edge, ambayo wimbo wake wa kwanza unajaza upande mzima wa santuri, dakika 18 na ushee. Mwaka huohuo Genesis wakatoa Foxtrot, na humo mna Supper's Ready, wimbo wa dakika kama 23. Mwaka uliofuata Yes wakaongeza chumvi: Tales from Topographic Oceans, santuri mbili, nyimbo nne. Nne tu!

Kuna watu mpaka leo wanabishana nani zaidi, Yes au Genesis, kama wengine wanavyobishana Simba na Yanga. Kwa hiyo mtu wa Yes akikaa meza moja na mtu wa Genesis, ujue si jambo dogo.

Mpiga besi na mpiga gitaa

Chris Squire alizaliwa mwaka 1948 huko Kingsbury, kaskazini-magharibi mwa London. Wenzetu wa Wembley mnapajua, ni jirani zenu. Muziki aliuanzia kwenye kwaya ya kanisa la St Andrew's, chini ya mwalimu Barry Rose, ambaye baadaye aliongoza kwaya ya St Paul's Cathedral. Kumbuka hilo la kwaya, tutalirudia. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye duka la ala za muziki, akajinunulia besi ya Rickenbacker, na hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Kwa kawaida besi inakaa chini, inashikilia nyumba isianguke, wala huitambui mpaka izimwe. Squire alikataa. Aliipiga kwa kidude cha kukwaruzia nyuzi badala ya vidole, akaipa sauti kali, ikawa inatembea juu na chini kama gitaa la solo. Sikiliza Roundabout ya mwaka 1971 kwa spika nzuri, si kwa simu. Besi inakukamata shati.

Steve Hackett alizaliwa mwaka 1950, akakulia Pimlico, ng'ambo ya mto kutoka kwenye mitambo ya umeme ya Battersea. Genesis walimpata kwa tangazo: alilitoa kwenye gazeti la Melody Maker akitafuta wenzake wa kupiga nao, na Peter Gabriel akampigia. Akapiga nao kuanzia 1971 mpaka 1977. Jukwaani alikuwa anakaa kwenye kiti, miwani usoni, kichwa kimeinama. Na mbele yake Gabriel kavaa kichwa cha mbweha na gauni jekundu la mkewe! Nani angemwangalia mpiga gitaa?

Lakini aliyekuwa anasikiliza alisikia. Kwenye Nursery Cryme ya mwaka 1971 Hackett anagonga nyuzi kwa kidole cha mkono wa kulia juu ya shingo ya gitaa, noti zinamwagika kama maji. Ufundi huo ulikuja kuwa maarufu duniani kupitia Eddie Van Halen mwaka 1978, miaka saba baadaye.

Mmeona wanachofanana? Hakuna kati yao aliyekuwa mwimbaji wa mbele. Squire aliimba sauti ya pili nyuma ya Jon Anderson. Ukiondoa albamu yake ya peke yake ya mwaka 1975, Fish Out of Water, sauti yake kwa watu wengi ilikuwa ile inayosikika nyuma ya mwenzake. Hackett kwenye Genesis alikuwa mpigaji, basi. Aliondoka kwa sababu nyimbo alizokuwa anatunga zilikuwa hazipati nafasi ya kutosha. Kuimba alijifunza taratibu kwenye albamu zake mwenyewe. Kwenye Cured ya mwaka 1981 ndiyo akachukua kipaza sauti kwa nguvu. Wenzake huku nyuma wakawa wanaendelea kupaa: Genesis ya Phil Collins ikawa bendi ya pop ya viwanja vya mpira, na Yes wakafika namba moja Marekani mwaka 1984 kwa Owner of a Lonely Heart.

Walivyokutana

Hizi familia mbili zilikuwa zimeshaoana kidogo. Mwaka 1976 Bill Bruford, aliyekuwa mpiga drams wa Yes, alizunguka na Genesis kwenye ziara. Mwaka 1985 Hackett mwenyewe aliungana na Steve Howe, mpiga gitaa wa Yes, wakaunda GTR. Wimbo wao uliingia 20 bora Marekani. Halafu? Albamu moja ya studio, bendi ikafa. Kwa hiyo Hackett alikuwa ameshaonja kolabo ya majina makubwa, na alijua inavyoweza kuisha.

Hii ya Squire ilianza kimyakimya. Mwaka 2007 Squire alitoa albamu ya nyimbo za Krismasi, Chris Squire's Swiss Choir, na akamwita Hackett apige gitaa. Yaani mtoto wa kwaya wa Kingsbury, sasa karibu miaka 60, anarudi kwenye kwaya, na wa kumsindikiza anamtoa kwa wapinzani. Baadaye Squire akarudisha fadhila: akapiga besi kwenye Out of the Tunnel's Mouth ya Hackett mwaka 2009, na Beyond the Shrouded Horizon mwaka 2011. Katikati ya ziara za huyu na ziara za yule, nyimbo zikawa zinakusanyika. Prodyuza alikuwa Roger King, ambaye pia alipiga vinanda. Jeremy Stacey akapiga drams, na Amanda Lehmann akaongeza sauti.

Tangu Krismasi ile mpaka albamu kutoka ilipita miaka mitano hivi. Squire alikuwa na miaka 64, Hackett 62.

Kilichomo ndani

Ukiwa shabiki wa progu utaingia ukitegemea dakika 20 za maajabu. Hazipo. Kuna nyimbo tisa, na hata ile ndefu kuliko zote haifiki dakika saba. The Summer Backwards ina kama dakika tatu tu, urefu uleule ambao kizazi chao kiliukimbia walipokuwa vijana.

Wimbo wenye jina la albamu unafungua kwa uzito, kama mlango wa chuma, halafu katikati unachomoka mbio. Tall Ships unaanza kwa gitaa la klasiki la Hackett, peke yake, mpole. Kisha besi inaingia, na hapo hata kama hujawahi kumsikia Squire utajua kuna mtu mkubwa kaingia chumbani. Stormchaser ni mzito, wa kutikisa kichwa. Aliens ulikuwa na maisha yake kabla ya hapo, maana Yes walikuwa wameshaupiga jukwaani. Wazo lake nimelipenda sana: hao wageni wa angani tunaowaogopa ni sisi wenyewe, tumerudi kutoka wakati ujao. Sisi ambao wazazi wetu waliitwa wageni kwenye makaratasi, tunaweza kulitafuna hilo kwa muda mrefu.

Lakini kilichonishangaza ni sauti. Ungedhani mpiga besi mashuhuri na mpiga gitaa mashuhuri watashindana kwa vidole. Badala yake wanaimba. Wanaimba karibu muda wote, wanapokezana, wanapanga sauti juu ya sauti mpaka Sea of Smiles inakuwa kama kwaya ndogo. Anayekumbuka St Andrew's anaelewa. Gitaa la solo lipo, ila linakuja likisema neno lake fupi, linaondoka.

Na hapa ndipo jibu langu lilipo. Watu wanaposema kolabo za wazee ni za kumbukumbu tu, albamu hii inawapinga. Kumbukumbu ina soko lake, na Hackett analijua vizuri: mwaka uleule wa 2012 alitoa Genesis Revisited II, nyimbo za zamani zilizorekodiwa upya, na akazunguka nazo akajaza kumbi. Squackett haikutikisa chati, wala hawakuizungusha kwa ziara. Walichokipata humo ni kitu ambacho bendi zao kubwa hazikuwapa kwa ukamilifu: nafasi ya watu wawili waliosimama pembeni kusimama katikati, kwa zamu, bila mtu wa kumpisha.

Kwa nini nimeandika leo

Mwezi Mei 2015 Yes walitangaza kwamba Squire anaugua leukemia, saratani ya damu. Tarehe 27 Juni 2015 alifariki huko Phoenix, Arizona, akiwa na miaka 67. Mpaka siku hiyo hakukuwa na albamu ya Yes ambayo yeye hakupiga. Mwaka 2017 bendi ilipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, besi ya Roundabout ilipigwa na Geddy Lee wa Rush. Albamu ya pili ya Squackett haipo. Hii moja ndiyo yote.

Sasa niwaambie kwa nini inaniuma. Baba yangu na rafiki yake mmoja, ambaye mimi namwita Ami, walipiga pamoja kwenye maharusi ya Waswahili hapa Uingereza kwa miaka mingi. Baba gitaa, Ami kinanda. Mwimbaji alikuwa mtu mwingine, na ndiye anayekumbukwa kwenye kanda zote za video. Hao wawili wana nyimbo zao wenyewe, nimezisikia jikoni. Kila Idi wanasema, "Inshallah mwaka huu tutarekodi." Kisha kazi, kisha magoti ya Ami, kisha safari ya nyumbani. Squire na Hackett walikuwa na studio, prodyuza na kampuni ya kuwatolea, na bado iliwachukua miaka mitano. Wakabakiwa na mitatu.

Wengi wetu tuna mzee wa namna hii: hakuwa mwimbaji wa mbele, hakuna aliyewahi kumhoji, na ana kitu chake ambacho hajakitoa. Vifaa tunavyo sisi. Simu yako ina maikrofoni nzuri kuliko rekoda alizotumia yeye. Usimsubiri aseme yuko tayari. Kaa naye, bonyeza, mwache apige, na kama ana mwenzake mwite mwenzake pia.

Kwa watakaotaka kusikiliza, mpangilio wangu ni huu: anza na Roundabout kwa ajili ya besi ya Squire, halafu Firth of Fifth ya mwaka 1973, usubiri solo ya Hackett, moja ya solo nzuri kuliko zote za roki. Ukimaliza hizo mbili nenda Tall Ships, uwasikie wote wawili chumba kimoja. Kisha tuandikie: mzee wako anapiga nini, na mwenzake ni nani? Majibu tutayasoma kwenye kipindi kijacho.