Mafundi wa gemu waliotaka kuwa matajiri wao wenyewe

Wakulima wa kahawa wa Kagera wanalijua neno butura. Unauza zao likiwa bado mtini kwa sababu ada ya shule haisubiri mavuno. Msimu ukifika na bei ikapanda, anayecheka ni mwingine. Miaka ya 1990 watengenezaji wa gemu za kompyuta huko Marekani nao waliishi kwa butura, ingawa wao waliiita mkataba.

Ilikuwa hivi. Vijana kumi au kumi na watano wanajifungia miaka miwili kuunda gemu moja. Mishahara inatoka kwa mchapishaji, yaani kampuni inayogharamia kazi, kuchapa CD na maboksi, kutangaza na kupeleka mzigo madukani. Fedha hiyo ni adivansi. Gemu ikianza kuuzwa, adivansi inakatwa kwenye mrabaha wa mafundi, na kwa kuwa mrabaha wenyewe ni kiduchu, wengi hawakuona hata senti ya ziada. Lakini kilichowauma zaidi si fedha. Jina la gemu, wahusika wake na haki ya kuunda toleo la pili mara nyingi vilikuwa mali ya mchapishaji.

Kinyongo hicho kilikuwa cha zamani. Mwaka 1979 mafundi wanne, David Crane akiwa mmoja wao, waliihama kampuni ya Atari iliyokuwa ikiwaficha majina, wakashirikiana na Jim Levy kuanzisha Activision. Huko mtunzi alitajwa kwa jina, kama mwandishi wa kitabu. Miaka ikapita, Activision ikawa mchapishaji mkubwa kama wale wale.

Januari 1998 zamu ilifika Dallas, Texas. Eneo hilo lilikuwa na kiburi chake: kutoka kitongoji cha Mesquite, id Software ilikuwa imeitoa gemu ya Doom mwaka 1993 kwa kugawa sehemu ya kwanza bure, na dunia ikaifuata. Mike Wilson, aliyewahi kuifanyia kampuni hiyo kazi ya masoko, aliungana na Harry Miller wa Ritual Entertainment na wenzao wachache wakaanzisha Gathering of Developers, yaani mkusanyiko wa watengenezaji. Herufi zake za mwanzo zikisomwa pamoja zinatoa neno la Kiingereza lenye maana ya Mungu. Haikuwa bahati mbaya. Unyenyekevu haukuwa fani yao.

Wamiliki wenza walikuwa watengenezaji sita: 3D Realms, Epic, Ritual, Terminal Reality, PopTop na Edge of Reality. Ahadi kuu ilikuwa kwamba fundi atapata mrabaha mnono na atabaki na haki miliki yake. Kwenye maonyesho ya gemu ya E3 mjini Los Angeles, wenzao walilipia vibanda ndani ya ukumbi. Wao walikodi uwanja wa kuegesha magari ng'ambo ya barabara, wakaleta bendi, bia na majiko ya nyama. Mwandishi wa habari aliyechoshwa na hotuba za ndani alijua pa kukimbilia.

Ila nyama choma haichapi maboksi. Biashara ya gemu wakati ule ilitaka mtaji kabla ya mauzo, huku duka likilipa kwa wakati wake na kurudisha mzigo uliododa. Usambazaji waliiachia Take-Two ya New York. Take-Two ikaingia na hisa kidogo, kisha Mei 2000 ikaichukua kampuni yote. Mwezi Julai ikamnunua na mmoja wa wale sita, PopTop. Waliokimbia tajiri wakajikuta wameajiriwa naye.

Julai 2001, kwa jina la Gathering of Developers, ikatoka Max Payne, gemu iliyoundwa na Remedy ya Finland chini ya usimamizi wa 3D Realms. Fedha za waigizaji hazikuwepo, kwa hiyo uso wa shujaa ni wa Sam Lake, mwandishi wa hadithi yenyewe. Hata mama yake alipigwa picha akawa adui mkuu. Gemu ikauzwa kwa mamilioni. Mwezi uliofuata, Agosti, Take-Two iliifunga ofisi ya Gathering of Developers huko Texas.

Wengi huishia hapo na kusema jaribio lilishindwa. Mimi sikubali. Mwaka 2002 Take-Two ilipoitaka Max Payne iwe yake, ililazimika kuinunua kutoka kwa 3D Realms na Remedy: dola milioni 10 taslimu, pamoja na hisa zinazokaribia milioni moja. Kwa mikataba ya kawaida ya zama zile, haki hiyo ingekuwa kabatini mwa mchapishaji tangu siku ya kwanza.

Wilson na Miller hawakukoma. Mwaka 2009 walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Devolver Digital, ambayo mwaka 2021 iliingia soko la hisa la London. Na Epic, mmoja wa wale sita, Machi 2020 ilitangaza kwamba itachapisha gemu za wengine: gharama zote inaweza kuzibeba yenyewe, zikisharudi faida inagawanywa angalau nusu kwa nusu, na haki miliki inabaki kwa fundi. Remedy ilikuwa kati ya watatu wa kwanza kutia saini. Gemu yao, Alan Wake 2, ilitoka Oktoba 2023, na gharama zikarudi mwishoni mwa 2024. Hapo ndipo mrabaha ulipoanza kuingia.